Miungu ya uponyaji Ugiriki na Roma ya kale: nani alitibu nini, na mgonjwa alipitia hatua gani?

Zumaridi77 (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Naandika mchezo wa jukwaani kwa vijana wa sekondari. Tendo la pili linatokea ndani ya eneo takatifu la Asklepios kule Epidauros, Ugiriki, karne ya 4 KK. Orodha za "miungu ya tiba" nilizokusanya zinagongana vibaya. Moja inasema Asklepios ni mungu, nyingine inasema alikuwa binadamu aliyeuawa kwa radi. Apollo huku anaponya, kule analeta tauni. Tendo la tatu linahamia Roma, na huko ni vurugu tupu: Meditrina, Febris, Salus, Carna, Bona Dea, Minerva Medica, wote wamebandikwa cheo kilekile cha "mungu wa afya".

Ninachohitaji ni vitu vya kuonyesha jukwaani. Mgonjwa akifika anaanzia wapi? Anavaa nini, analala wapi, analipa kiasi gani na lini, na nini kinaweza kumharibikia? Pia fimbo: ina nyoka mmoja au wawili? Mchora mapambo ameshachora wawili, na mabawa juu.

MaweYaKale

Mchora mapambo afute. Fimbo ya nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes, mjumbe wa miungu na mlinzi wa wasafiri na wafanyabiashara. Ya Asklepios ni gongo la kutembelea, halina mabawa, na limezungukwa na nyoka mmoja. Mkanganyiko ulipata nguvu mwaka 1902, kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kilipochukua fimbo ya Hermes kuwa nembo yake. Bendera ya Shirika la Afya Duniani ina ile sahihi, nakilini hapo.

Mungu au binadamu? Inategemea unasoma karne gani. Kwenye Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy, Asklepios ni tabibu hodari tu, baba wa Machaon na Podaleirios, walioongoza merikebu 30 kutoka Trikka, Ithome na Oichalia. Anayetibu miungu wenzake humo ni Paieon: yeye ndiye anayempaka Ares dawa ya kutuliza maumivu baada ya kujeruhiwa vitani. Jina la Paieon limo hata kwenye mabamba ya udongo ya Knossos, kisiwani Krete, karne kadhaa kabla ya Homer. Baadaye akamezwa na Apollo, jina likabaki la sifa na la wimbo wa kuomba kuponywa.

Apollo kuleta tauni na kuiondoa si mgongano. Mwanzoni mwa Iliad anaipiga kambi ya Wagiriki kwa mishale siku 9. Nyumbu na mbwa wanatangulia kufa, kisha watu. Mwenye uwezo wa kufyatua mshale ndiye mwenye uwezo wa kuuzuia, kwa hiyo anaombwa yeye. Hakuna aliyemwendea kwa sababu ya upole wake.

Hadithi ya kuzaliwa kwa Asklepios uichague kwa uangalifu, maana ziko zaidi ya moja. Inayojulikana sana ni ya Koronis wa Thessaly. Akiwa na mimba ya Apollo akalala na mwanamume mwingine, Artemis, dada yake Apollo, akamuua kwa mishale, mwili ukawekwa juu ya kuni za mazishi, na Apollo akamchomoa mtoto moto ukiwa umeshashika. Mtoto akalelewa na Cheiron, nusu mtu nusu farasi, kwenye mlima Pelion, akajifunza dawa na upasuaji. Alipofikia hatua ya kufufua maiti (mshairi Pindar anasema alihongwa dhahabu) Zeus akampiga radi.

Ila mchezo wako uko Epidauros, na wenyeji wa Epidauros walikuwa na yao. Walisema Koronis alijifungulia kwao, akamtupa mtoto mlimani, mbuzi akamnyonyesha na mbwa wa kundi akamlinda. Ndiyo maana pale hawakumchinjia mbuzi, na ndiyo maana sanamu yake kuu ilikuwa na mbwa. Sanamu hiyo ilikuwa ya dhahabu na pembe za ndovu, kazi ya Thrasymedes wa Paros: mungu amekaa kitini, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine uko juu ya kichwa cha nyoka, na mbwa amelala pembeni. Ukimchora hivyo, hutahitaji msimulizi wa kumtambulisha.

Sindano_na_Uzi

Naongeza hatua zenyewe. Tahadhari kwanza: waandishi wengi wa mtandaoni huchukua sheria za Oropos, Pergamon na Epidauros wakazichemsha chungu kimoja. Oropos si pa Asklepios hata kidogo, ni pa Amphiaraos, mwaguzi aliyemezwa na ardhi pamoja na gari lake la farasi. Pergamon nayo, pale ilipo Uturuki leo, sheria zake zinazonukuliwa sana ni za karne ya 2 BK, zaidi ya miaka 400 baada ya tendo lako la pili.

Kwa Epidauros ya karne ya 4 KK fuata mtiririko huu.

Mgonjwa anafika na kujitakasa kwa maji. Eneo lote limewekewa mipaka, na ndani yake haruhusiwi mtu kufa wala mwanamke kujifungua. Hili lilileta mateso ya kweli, maana aliyezidiwa alitolewa nje ya mpaka akafie huko. Nyumba maalumu ya wajawazito na mahututi ilikuja kujengwa karne ya 2 BK, kwa fedha za Antoninus, seneta wa Roma. Kwenye mlango wa hekalu palikuwa na maneno yasemayo kwamba anayeingia awe safi, na usafi ni kuwaza yaliyo matakatifu.

Kisha sadaka ya kutangulia. Huanzi na Asklepios, unaanza na baba yake, Apollo Maleatas, ambaye madhabahu yake iko kilimani juu ya eneo la hekalu. Anayeruka hatua hii amekosea utaratibu. Baada ya hapo zinafuata sadaka kwa Asklepios mwenyewe. Nyama yote huliwa humohumo ndani ya mipaka, hakuna kubeba nyumbani.

Usiku mgonjwa analala kwenye abaton, ukumbi mrefu wenye nguzo upande mmoja. Hekaluni halali mtu, hekalu ni la sanamu. Hapo anangoja ndoto. Mungu huja kama mwanamume mwenye ndevu au kijana mzuri, anagusa, anapasua, anamwaga dawa jichoni, au anampa mgonjwa kikombe cha kutapisha. Wakati mwingine kazi hufanywa na nyoka au mbwa kwa kulamba kidonda, na hiyo hutokea hata mchana, mgonjwa akiwa macho. Asubuhi anatoka, na deni linaanza kuhesabika.

Utaambiwa huko nje kwamba makuhani waliwanywesha wagonjwa afyuni. Mawe ya Epidauros hayataji kinywaji cha usingizi. Dawa zinazotajwa ni za macho na za kutapisha. Usiiweke jukwaani kama ukweli.

Zumaridi77

Asanteni sana, tayari nimefuta nusu ya tendo. Swali la haraka: nimesoma kwamba mgonjwa alilala juu ya ngozi ya kondoo, na kwamba malipo yalikuwa oboli 9 zinazotumbukizwa kwenye sanduku mbele ya mlinzi. Hii ni Epidauros?

Sindano_na_Uzi

Hapana, hiyo yote ni Oropos kwa Amphiaraos. Kuna jiwe la sheria la karne ya 4 KK, na ni tamu kwa mtu wa jukwaa, kwa hiyo ukiweza hamishia tendo huko au mtaje msafiri aliyetoka huko. Mgonjwa anatia kwenye sanduku la hazina si chini ya oboli 9 za fedha nzuri, yaani drakma moja na nusu, mtunza hekalu akishuhudia. Mtunza anaandika jina lake na la mji wake kwenye ubao, na ubao unawekwa wazi kila mtu ausome. Wanaume wanalala mashariki mwa madhabahu, wanawake magharibi. Kuhani akiwapo, yeye ndiye anayeombea sadaka na kuiweka madhabahuni, asipokuwapo mwenye sadaka anafanya mwenyewe. Na kutokuwapo kulitarajiwa: sheria inamdai kuhani awepo angalau siku 10 kila mwezi, tena kuanzia baridi inapoisha hadi msimu wa kulima. Anayefanya utovu ndani ya eneo anaweza kutozwa hadi drakma 5.

Ngozi ya kondoo dume ni ya hapohapo: unamchinja, unatandika ngozi yake, unalala juu yake. Ukipona unatupa sarafu ya fedha au dhahabu kwenye chemchemi. Chemchemi hiyo haitumiki kwa sadaka, wala kujitakasa, wala kunawa mikono.

Kwa malazi kwa Asklepios, tazama vichekesho vya Aristophanes, Ploutos, vya mwaka 388 KK. Kipofu anaogeshwa baharini kwanza, wanaweka mikate ya sadaka madhabahuni, kila mtu anatengeneza kitanda chake cha majani, mtumishi wa hekalu anazima taa na kuamuru kimya hata wakisikia sauti. Halafu kuhani anapita gizani akikusanya mikate na tini zilizobaki mezani, anazitia kwenye mfuko wake! Ni dhihaka, lakini dhihaka isingechekesha kama watazamaji hawakujua utaratibu. Mungu anaingia na binti zake Iaso na Panakeia, na mwizi mmoja anasagiwa dawa ya macho ya vichwa 3 vya vitunguu saumu, utomvu wa mtini na siki kali. Anaruka akipiga kelele.

MaweYaKale

Sasa lile la "nini kinaweza kuharibika", ambalo kwa maoni yangu ndilo tendo lako zima.

Epidauros palisimamishwa mawe yenye visa vya waliopona, vilivyoandikwa nusu ya pili ya karne ya 4 KK. Pausanias, mwandishi wa safari wa Kigiriki, alipopita karne ya 2 BK aliyakuta 6, akasema zamani yalikuwa mengi zaidi. Uchimbaji wa Panagiotis Kavvadias, ulioanza 1881, uliyafufua matatu yanayosomeka vizuri na vipande vya mengine, jumla visa kama 70. Mgonjwa mpya aliyasoma kabla ya kulala. Yalimfundisha aina ya ndoto ya kutarajia, na yalimfundisha pia makosa ya kuepuka. Makosa yenyewe ni ya aina tatu hivi.

La kwanza ni kuomba nusu. Ithmonike wa Pellene aliomba apate mimba ya mtoto wa kike. Mungu akamuuliza kama anataka kitu kingine, akasema basi, hahitaji zaidi. Akabeba mimba miaka 3. Akarudi kulalamika, akajibiwa kwamba aliomba mimba, kuzaa hakuomba, lakini kwa kuwa amekuja tena atasaidiwa. Akatoka abaton mbio, akajifungulia nje ya mpaka. Tazama jiwe linavyokumbuka mpaka hata hapo.

La pili ni dharau. Ambrosia wa Athens, chongo, alitembea huku na huku akicheka: vilema na vipofu watapona vipi kwa kuota? Usiku mungu akamwambia atamponya, ila atatoa nguruwe wa fedha awe kumbukumbu ya ujinga wake. Akampasua jicho, akamwaga dawa. Mtu wa vidole vilivyopooza alidhihaki vilevile, naye akapona, lakini akapewa jina la Asiyeamini. Kwa hiyo kutoamini hakumzuii mgonjwa kupona, kunaongeza gharama na aibu.

La tatu, baya kuliko yote, ni kutolipa. Hermon wa Thasos alikuwa kipofu, akaona, hakuleta malipo, akapofuka tena. Ikabidi arudi kulala upya. Na kuna Echedoros. Rafiki yake Pandaros wa Thessaly alikuwa na alama zilizochanjwa kwenye paji la uso, kama za mtumwa mkosaji. Mungu alimfunga kitambaa kichwani ndotoni, akamwambia akikitoa nje ya ukumbi akiweke nadhiri. Asubuhi alama zilikuwa zimehamia kwenye kitambaa. Pandaros akampa Echedoros fedha azipeleke Epidauros. Echedoros naye alikuwa na alama zake. Akalala, mungu akamuuliza kama amepokea fedha za Pandaros, akakana, akaahidi picha ya kuchorwa kama ataponywa. Mungu akamfunga kitambaa kilekile cha Pandaros. Alipokifungua na kujitazama kwenye maji ya chemchemi, paji lilikuwa na alama zake za zamani na juu yake zile za mwenzake. Kitambaa kimoja, bakuli la maji na wino: gharama yake jukwaani ni ndogo kabisa.

Malipo yalidaiwa baada ya kupona, na jiwe moja linataja muda wa mwaka mmoja. Kiasi kilitegemea mfuko. Mtoto Euphanes, mwenye mawe kwenye kibofu, aliulizwa atatoa nini, akajibu vifupa 10 vya kuchezea. Mungu akacheka, akakubali. Maskini waliotoa jogoo walikuwa wengi, na ndiye jogoo ambaye mwanafalsafa Sokrates, dakika zake za mwisho mwaka 399 KK, alisema wanadaiwa na Asklepios. Wengine walitoa sanamu ya kiungo kilichopona. Korintho zimepatikana nyingi za udongo wa kuchoma, zikiwamo mikono, miguu na matiti, nyingine za ukubwa wa kiungo halisi.

Usimtoe Asklepios peke yake jukwaani. Mkewe ni Epione, mabinti ni Hygieia, Panakeia, Iaso, Akeso na Aigle. Hygieia ndiye anayeshika bakuli na kumlisha nyoka, fimbo si yake. Telesphoros, yule mtoto mwenye kofia ya joho, mwache: ni wa enzi za Roma, anatoka upande wa Pergamon.

Kisiwani

Tendo la tatu niachieni mimi.

Mpangilio wa miaka kwanza. Mungu wa tiba wa kwanza kuletewa hekalu Roma kwa sababu ya maradhi ni Apollo: waliweka nadhiri mwaka 433 KK wakati wa tauni, hekalu likawekwa wakfu 431 na konsuli Gnaeus Iulius. Mabikira wa Vesta, makuhani wa kike wa Roma, walimwita kwenye sala "Apollo Medice, Apollo Paean", huyo Paieon wa MaweYaKale akiwa bado hai miaka mingi baadaye.

Asklepios, ambaye Warumi walimwita Aesculapius, aliingia kwa tauni ya mwaka 293 KK. Walifungua vitabu vya Sibylla, vitabu vyao vya unabii, vikaagiza aletwe kutoka Epidauros. Ujumbe uliongozwa na Quintus Ogulnius. Simulizi inasema nyoka wa hekalu alipanda merikebu mwenyewe, akashuka Antium akajiviringisha kwenye mtende, akarudi chomboni, na walipofika Roma akaogelea hadi kisiwa cha mto Tiber. Hekalu likajengwa kisiwani, sikukuu yake tarehe 1 Januari, mwaka unaotajwa kwa kawaida 291. Baadaye kingo za kisiwa zilijengwa kwa mawe kwa umbo la merikebu, na mchongo wa mungu na nyoka wake bado unaonekana ubavuni. Leo hapo pana kanisa la San Bartolomeo, na hospitali iko hatua chache tu.

Kisiwa kina upande mchungu, na ungefaa kuwemo kwenye mchezo. Mabwana walikuwa wakiwatupa hapo watumwa wagonjwa ili wasiwagharamie. Mfalme Claudius (karne ya 1 BK) aliamuru mtumwa wa namna hiyo akipona awe huru, na bwana atakayemuua badala ya kumtupa ahesabiwe muuaji.

Wale wengine kwenye orodha yako:

Febris ni homa yenyewe. Hakuombwa alete afya, aliombwa apunguze makali. Roma ilikuwa na homa za vipindi zinazorudi siku ya tatu au ya nne, malaria kwa jina la leo, na Febris alikuwa na mahekalu 3, mojawapo kilimani Palatine. Watu walipeleka humo vitu vya tiba vilivyokuwa vimefungwa kwenye miili ya wagonjwa. Huyu ndiye ningemwandikia mazungumzo marefu.

Salus, mwenye hekalu kilimani Quirinal tangu 302 KK, mwanzoni alikuwa usalama wa dola. Kulinganishwa na Hygieia kulikuja baadaye.

Carna alilinda ini, moyo na vilivyomo tumboni. Sikukuu yake ni tarehe 1 Juni, kwa uji wa maharage na mafuta ya nguruwe.

Bona Dea alikuwa na hekalu kilimani Aventine, wanaume marufuku. Ndani mlikuwa na nyoka wasiodhuru na ghala la mitishamba ambayo makuhani wa kike waliwagawia wagonjwa. Divai iliingia humo kwa jina la maziwa, na chombo chake kikaitwa cha asali.

Minerva Medica alikuwapo kilimani Esquiline, na nadhiri za udongo zimechimbuliwa huko. Lakini lile jengo kubwa la kuba karibu na stesheni ya Termini linaloitwa "hekalu la Minerva Medica" si hekalu lake. Ni ukumbi wa karne ya 4 BK, usimpe mchora mapambo picha yake.

Meditrina mfute kabisa. Kilicho thabiti ni sikukuu ya Meditrinalia, tarehe 11 Oktoba, ambapo divai mpya na ya zamani zilionjwa kwa maneno ya kwamba zinaponya ugonjwa mpya na wa zamani. Varro, msomi wa Kirumi, anaieleza sikukuu bila mungu huyo. Jina la mungu linajitokeza baadaye kwa wanakamusi, na orodha za mtandaoni zikamfanya hata binti wa Aesculapius.

Ukitaka kuonyesha nadhiri za Italia, ongeza matumbo ya uzazi ya udongo. Huko ni ya kawaida sana kati ya karne ya 4 na ya 2 KK, yakifinyangwa kwa kalibu, ilhali Ugiriki ni nadra.

Zumaridi77

Echedoros ameshinda, tendo la pili ni lake. Kisiwani, nyoka nimfanyeje? Na daktari wa kawaida alikuwapo wakati huo, au ilikuwa miungu tu?

Kisiwani

Nyoka wa Epidauros anaelezwa kuwa wa rangi ya njano-njano na mpole kwa watu. Asiwe na kichwa kilichotanuka kama cha swila, wala asiwe mweusi. Mtengeneze mwembamba, mrefu wa mita moja na nusu hivi, na asimshambulie mtu.

Daktari alikuwapo Ugiriki muda wote, na hakuwa adui wa hekalu. Kiapo cha Hippokrates, kile cha madaktari, kinaapwa kwa Apollo tabibu, Asklepios, Hygieia na Panakeia. Roma ilichelewa: Archagathos, daktari wa kwanza wa Kigiriki kukaa huko, alifika 219 KK. Alipokewa vizuri, akanunuliwa chumba cha kazi kwa fedha za umma, kisha kwa jinsi alivyopenda kukata na kuchoma moto wakamwita mnyongaji. Tendo lako la tatu likiwa miaka ya 290, usimtie daktari wa Kigiriki. Tia baba wa nyumba mwenye kabichi na sufu ya kondoo isiyooshwa, ndizo dawa za Warumi wa wakati ule.

Sindano_na_Uzi

Mavazi nimesahau. Nguo nyeupe bila mkanda wala pete, nywele zimefunguliwa na miguu peku ni sheria ya Pergamon, ya baadaye. Kwa Epidauros yako vaa nguo safi za kawaida. Na tafadhali, mtumishi wa hekalu asishike kisu. Anayepasua ni mungu, ndotoni.